Siku Tisa za Pijo

Nyanjige hakugombana na mtu. Hilo ndilo lililomsumbua Masele kuliko yote, maana ugomvi angeujua: ungekuwa na mwanzo, ungekuwa na maneno, na mtu angeweza kuyarudia yale maneno akayaombea radhi. Lakini mke wake aliamka siku moja mwezi wa sita, pamba yote imeshauzwa, akafagia uwanja, akawapa kuku maji, akafunga nguo zake kwenye begi la zamani la shule la binti yao Joyness, akaenda kwao Migato. Alipotoka jikoni aliubeba mlango kwa mikono miwili, akausimamisha mahali pake, akauegemeza vizuri usije ukaanguka. Mlango ule ulikuwa umeshikiliwa na bawaba moja kwa miaka sita. Kisha akapanda bodaboda.

Masele aliyaona hayo yote akiwa amekaa kwenye kigoda anakunywa uji. Akadhani mama mkwe anaumwa.

Siku ya tatu jioni ndipo akapiga simu. Nyanjige akapokea, wakasalimiana vizuri kabisa, akamwambia chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai, na kwamba yeye harudi. Masele akauliza, harudi leo? Nyanjige akasema, "Sirudi, Baba Joyness." Simu ikakatwa bila hasira yoyote.

Sasa mjue kwamba Masele si mtu mbaya. Ulizeni Ngulyati yote. Hajawahi kumnyanyulia mke mkono, pombe hapiti kopo moja, na Jumapili utamkuta kanisani amefunga kamba za viatu. Aliendesha lori la kiwanda cha pamba karibu miaka thelathini bila kugonga hata kuku. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo si ya kumpeleka mtu kwa mwenyekiti wa kijiji: kitu kikiharibika, yeye anakizoea. Bati likitoboka, anahamisha kitanda. Kiti kikivunjika mguu, anajifunza kukaa upande. Ukimwambia, anakujibu "nitatengeneza," tena kwa upole, na wewe unaondoka umeridhika, na miaka inapita.

Kwa hiyo na hili la mke alijaribu kulizoea. Lilimshinda. Alipika ugali ukawa mabonge, akala uji. Alilala upande wake wa kitanda, ule upande mwingine akauacha kama ulivyotandikwa. Alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikamuuma, akaenda zahanati, wakampima presha, wakamwambia ni nzuri kuliko ya vijana.

Mwezi wa nane ndipo Limbu alipofika. Limbu alikuwa mshenga wake, yeye ndiye aliyempelekea posa miaka ishirini na nne iliyopita, na ushenga hauna kustaafu: ndoa ikichechemea, anaitwa aliyeipanga. Tatizo ni kwamba Masele hakumwita. Limbu alisikia habari mnadani, tena kwa mtu aliyekuwa anauza kamba.

"Mwadila, ngosha," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Limbu. Mhola?"

"Mhola duhu. Shemeji yuko wapi?"

"Migato."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

Limbu akakaa chini, akavua kofia. "Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

Masele akafikiri kwa uaminifu. "Nilikuwa naangalia," akasema.

Limbu alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo maneno yake yalikuja na mpango. Watakwenda Migato wote wawili, na mbuzi wa kuombea msamaha, kama inavyotakiwa. Limbu atazungumza. Masele atakaa ameinamisha kichwa. Wakwe watauliza kosa ni nini, Limbu atasema makosa ni mengi na yote ni yetu, watapigwa faini, watalipa, wataondoka na mke.

"Tunakwenda na usafiri gani?" Limbu akauliza.

"Na Pijo."

Wakageuka wote wawili kuliangalia.

Pijo lile Masele alilinunua kiwandani zamani, walipokuwa wanauza magari ya ofisi. Lilipokuja lilikuwa jekundu, jekundu la kuonekana kutoka barabarani. Halafu jua la Simiyu likafanya kazi yake, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa halikuwahi kuwa na banda wala turubai, wala mtu wa kulipaka kitu. Kwanza likafifia. Kisha likaota ukungu mweupe. Mwisho likatulia kwenye rangi moja ambayo watu wa Ngulyati walishindwa kuipa jina mpaka mzee mmoja akasema, hiyo ni rangi ya ufizi. Ukiliegemea unaondoka na unga mgongoni. Nyanjige kila Jumapili alikuwa akiingia kwa upande, amekusanya kitenge chake kwa mkono mmoja, asiguse mlango.

"Haiwezekani," Limbu akasema. "Hatuwezi kuingia kwa wakwe na ufizi. Watasema hivi: gari limekufa, na mwenye gari naye hivyo hivyo, huyu mtoto wetu tunamrudisha kwenye kaburi? Lipeleke mjini likang'arishwe. Waone mtu aliyebadilika."

Maneno yale yalimwingia Masele. Mtu aliyebadilika. Na kusema kweli, mshenga akishasema, nani mwingine wa kuulizwa?

Pale mjini Bariadi alimpata fundi rangi aitwaye Ndalahwa, mtu mwembamba mwenye kucha za rangi tatu tofauti. Ndalahwa alizunguka gari mara moja. Akachukua kitambaa cheupe, akatia dawa kidogo, akasugua boneti mahali padogo, upana wa kisosi. Kitambaa kikatoka chekundu kama kimefutia damu.

"Una bahati," akasema. "Hii ni rangi ya zamani, haina klia juu, ile rangi ya kioo inayofunika nyingine. Iliyokufa ni ngozi ya nje tu. Chini bado nzima."

Masele akainama. Katikati ya ule ufizi kulikuwa na duara jekundu linalong'aa, na ndani ya duara kulikuwa na jicho lake mwenyewe linamtazama. Nyekundu ile hakuwa ameiona tangu siku ya ubatizo wa Joyness. Akamgeukia Ndalahwa.

"Unaweza kulimaliza lini kwa mashine?"

"Mashine italila. Rangi yenyewe imebaki nyembamba, hasa kwenye kona na kwenye mikunjo ya bati. Ukipitisha mashine pale unatokea upande wa pili. Hili ni la mkono, mzee wangu. Na mikono yangu ina kazi za watu mpaka mwezi wa kumi."

"Basi?"

"Basi wewe una mikono."

Akampa kopo la dawa ya kusugulia, msasa wa maji ule laini kabisa, polishi, waksi, na bunda la vitambaa vya fulana za zamani. Akampa na maelekezo, akiyasema taratibu kama anayempa mgonjwa dozi. Osha kwanza, mara mbili. Usisugue juani, bati liwe la baridi. Chukua sehemu ndogo, viganja viwili, imalize, ndipo uhamie nyingine. Dawa isikukaukie. Kitambaa kikijaa, badilisha. Msasa ni kwa pale palipogoma tu.

"Na kwenye kona," akasema, "pita kwa huruma."

"Kwa huruma vipi?"

Ndalahwa akamwangalia kama haamini kuwa mtu mzima anauliza hilo. "Kama unamfuta mtoto mchanga uso," akasema.

Masele alianza Jumatatu, kwenye kivuli cha ghala, na ndoo mbili za maji. Siku ya kwanza alimaliza boneti na mikono ikavimba. Siku ya pili alifanya mlango wa dereva, akagundua amepitisha dawa ikakauka, akarudia. Siku ya tatu hakusimama hata kula. Ilikuwa ni ajabu kumwona. Huyu ndiye mtu aliyeacha redio yake ikashika stesheni moja tu kwa miaka minne, sasa amepiga magoti chini ya bampa, ulimi nje, anafukuza ukungu kwenye mfereji usioonekana na mtu isipokuwa jiwe la barabarani. Vitambaa vyekundu vilijaa kamba nzima ya kuanikia nguo. Mpita njia mmoja aliuliza kama amechinja.

Domitila, jirani yake, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yao ya kanisani, alikuwa akipita kila asubuhi kwenda kisimani. Siku ya tano alitua ndoo.

"Baba Joyness," akasema, "kumbe una mikono."

"Ninayo," Masele akajibu kwa furaha.

"Miaka yote hii tunakaa jirani." Akatikisa kichwa, akajitwisha ndoo yake. Masele alilichukua lile kama sifa, akasugua kwa nguvu zaidi.

Na niseme wazi kwamba siku zile zilikuwa tamu kwake. Kila kiganja cha ufizi kilichogeuka kuwa chekundu, yeye aliona uso wa Nyanjige. Alimwona anasimama mlangoni kwao Migato. Alimwona anakinga jua kwa mkono, anasema, lile gari la nani? Alimwona anacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo, anakuja, anaegemea mlango bila kuogopa, kitenge kinabaki kisafi. Hapo ndipo ndoto yake ilipokuwa inaishia kila mara, kwenye kitenge kisafi, na yeye anarudi mwanzo kuiota upya huku anasugua. Hakuwahi kumpenda mke wake kama alivyompenda siku zile tisa akiwa hayupo.

Siku ya tisa akapaka waksi. Siku ya kumi, akienda kuchota maji ya mwisho, mlango wa jikoni ukamwangukia kwenye kidole cha mguu. Kwa kuwa bisibisi ilikuwa mfukoni, akatafuta bawaba ghalani, akaupachika. Ukafunguka, ukafungika. Akachukua maji yake akaendelea na shughuli.

Wakaondoka Jumatano, Limbu mbele, mbuzi nyuma juu ya magunia. Limbu alikuwa amevaa koti lake la misiba na harusi. Kila walipopishana na watu wakitoka mnadani aliinua mkono kama diwani. Walipopita Lagangabilili vumbi lilikuwa limekaa juu ya gari unene wa shuka, kwa hiyo walipokaribia Migato Masele akasimamisha, wakashuka, wakalifuta lote kwa vitambaa laini vilivyokuja kwa ajili hiyo. Limbu akajitazama kwenye mlango, akaweka kola sawa.

"Kumbuka," akasema. "Mimi ni mdomo. Wewe ni masikio."

Aliyewapokea ni Mboje, kaka mkubwa wa Nyanjige, ambaye ndiye mwenye mji tangu baba yao alipofariki. Mboje amekuwa mtu wa ng'ombe tangu akiwa na meno ya utoto. Hanunui dume bila kulizunguka mara tatu, na sijui kama ana namna nyingine ya kuangalia kitu. Aliwasalimu vizuri, akauliza habari za Ngulyati na mvua ya mwaka jana, kisha akaanza kulizunguka Pijo. Mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili akainama kuangalia chini ya tumbo. Mara ya tatu akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa.

"Umelipaka nini, shemeji?"

"Waksi," akasema Masele, ingawa alikuwa masikio.

"Mh." Mboje akafuta kidole kwenye suruali. "Mnadani kuna watu wanampaka ng'ombe mafuta ya alizeti asubuhi, anang'aa hivi hivi. Mimi mtu wa namna hiyo simuulizi bei. Namuuliza, anaumwa wapi?"

Limbu akacheka. Alicheka peke yake.

Hapa lazima niwaeleze, maana wale wawili hawakulifikiria kabisa, pamoja na umri wao. Katika mji ule, mwanamume anayekuja kuomba mke aliyerudi kwao huja kama mtu aliyefiwa. Mayunga, aliyemwoa mdogo wake Nyanjige, alikuja mwaka juzi amekonda, shati halina vifungo, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Alipewa mke kabla chakula hakijaiva, na mama mkwe akalia. Sasa huyu Masele ameshuka amenyoa ndevu, kwenye gari ambalo unaweza kujitazamia meno.

"Miezi miwili hana mke," Mboje akamwambia Limbu, kana kwamba Masele hayupo, "na anang'aa. Nani anampikia?"

"Hakuna mtu, shemeji. Naapa," Limbu akajibu.

"Uji," Masele akasema.

Wakakaribishwa kukaa pamoja na wazee wa ukoo kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba kubwa. Mama mkwe alikuwa ndani nyuma ya pazia, kwa heshima ya ukwe, ila kikohozi chake kilisikika kila jambo lilipomgusa. Nyanjige alikuwa amekaa mbele ya jiko na ungo magotini, anachambua mchele. Alimwamkia Masele kwa adabu zote akarudi kwenye mchele wake. Alikuwa amenenepa kidogo. Uso umetulia. Masele alipoona jinsi ulivyotulia aliumia, kwa sababu hakujua kabla ya hapo kwamba nyumbani haukuwa umetulia.

Limbu akasimama, akaanza. Na Limbu anajua kusema, hata maadui zake wanakubali. Alianza na undugu, akaja kwenye posa ya miaka ishirini na nne, akamtaja kila ng'ombe aliyetolewa siku ile kwa rangi yake na pembe zake, hata Mboje akaanza kutikisa kichwa kidogo kidogo kwa kumbukumbu. Kisha akaingia kwenye majuto. Akasema huyu mnayemwona hapa si mtu, ni kivuli cha mtu. Akasema halali. Akasema usiku na mchana moyo wake uko Migato.

Wakati huo ndama mmoja alikuwa amelisogelea gari.

Masele alimwona. Alikuwa ndama mdogo mwenye madoa, na alianza kwa kunusa taa. Kisha akatoa ulimi, akalamba waksi kwenye madigadi ya mbele, kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Akaonja. Akapenda. Akalamba tena.

Masele akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. Akahesabu vidole vyake. Akatazama tena, na sasa kulikuwa na njia tatu za mate zimeshuka hadi kwenye gurudumu, na jua linazipiga, na Ndalahwa alikuwa amemwambia kitu kisikaukie juu ya rangi. Alijizuia. Niaminini, alijizuia kwa kadiri ya uwezo wake. Halafu akainuka, akatembea mpaka kwenye gari, akamsukuma ndama taratibu, akatoa leso, akapulizia pumzi pale palipolambwa, akafuta. Akafuta kwa mviringo mdogo mdogo. Akarudi nyuma hatua moja kuangalia kwa pembeni kama kumebaki alama. Ilibaki moja. Akaifuta.

Alipogeuka, Limbu alikuwa bado amesimama, mkono hewani, kwenye neno "anateseka." Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Nyuma ya pazia mama mkwe alikohoa.

"Shemeji," Mboje akasema. "Hili gari lilisuguliwa na nani?"

"Mimi."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Peke yako?"

"Peke yangu." Na kwa kuwa aliona watu wote wanamtazama, akafikiri labda anaanza kueleweka, akaongeza la kusaidia. "Na mlango wa jikoni nimetengeneza."

Mkono wa Nyanjige ukasimama juu ya mchele.

"Ule mlango?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza katika kikao.

"Ule ule."

"Ulichukua muda gani?"

"Robo saa," akasema Masele. "Pamoja na kutafuta bawaba."

Limbu akakaa chini, akafumba macho.

Nyanjige aliweka ungo pembeni, akajipangusa magoti, akaenda kwenye gari. Masele akamfuata kwa sababu hakujua la kufanya. Wazee wakageukia mbuzi, wakaanza kumjadili kwa sauti kubwa kuliko mbuzi yule alivyostahili.

Alilizunguka mara moja. Akasimama kwenye mlango wa abiria, ule alioupita kwa upande miaka yote, akajiona ndani yake, mwanamke mzima na kilemba chake, na anga nyuma yake.

"Ni jekundu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimesahau."

Moyo wa Masele ukaruka. Akangoja kicheko.

"Baba Joyness, nilipoondoka sikuwa na hasira na wewe. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu miaka ishirini na nne nilijiambia, mume wangu hawezi. Ndivyo alivyoumbwa. Kuna watu hawajui kuimba, na wangu hajui kushika kitu kikawa kizuri. Nilipolazwa hospitali wiki nzima, ulikuja mara mbili, ukasimama mguuni mwa kitanda, ukaniuliza mbegu ziko wapi. Wanawake wenzangu wakanitazama. Nikawaambia, yeye hawezi haya mambo, mwacheni. Nilikutetea. Nilichoka, ndiyo, nikaja kupumzika kwa mama. Lakini nilikuwa nakuhurumia." Hakupaza sauti hata kidogo. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mkunjo wa bati, pale rangi ilipo nyembamba kuliko kote. "Hapa umefanyaje isitoke?"

Masele akajibu alichokijua. "Hapo nilipita kwa huruma."

Nyanjige akamtazama.

"Kwa huruma," akasema. "Kumbe unaweza." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge, akachukia kwamba yametoka. "Muda wote ule ulikuwa unaweza, Masele."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu wazae. Masele alisimama pale na leso yenye mate ya ndama mkononi. Alitafuta neno la Limbu, katika yote aliyoyasikia siku ile, hakupata hata moja lililofaa. Alijiona mjinga, na chini ya ujinga aliona aibu, aibu ya moto ambayo hajawahi kuionja, kwa sababu kila alichoambiwa kilikuwa kweli na ushahidi ameuleta mwenyewe, ameung'arisha, ameufuta vumbi njiani.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa naweza."

Nyanjige akangoja.

"Nilikuzoea," Masele akasema. "Kama vile bati na kiti. Nilikuona upo, nikadhani ndiyo imetosha. Na ulipoondoka nikajaribu kuzoea hilo pia. Nimeshindwa. Nyumba imenishinda, mama. Nakukosa mpaka nimekwenda kupimwa."

"Wakakuta nini?"

"Wamesema niko mzima."

Nyanjige akaupapasa tena ule mkunjo wa bati. Wale wazee walikuwa wameishiwa na habari za mbuzi, wamerudia kumkagua kwato.

"Leo siji," Nyanjige akasema.

"Sawa."

"Na huyo mbuzi mrudi naye."

"Sawa."

"Jumamosi uje."

"Nije na Limbu?"

"Limbu abaki kwake."

"Na gari?"

"Gari liache."

Akafikiri. Alitaka safari hii asikosee hata kitu kidogo. "Sasa nije na nini?"

"Uje wewe," akasema Nyanjige, akarudi kwenye mchele wake.

Njiani Limbu alinung'unika kutoka Migato hadi Lagangabilili, na kutoka Lagangabilili hadi nyumbani. Alisema kazi ya miaka ishirini na nne imeharibiwa na ulimi wa ndama. Alisema hajawahi kurudishwa na mbuzi. Masele aliendesha tu, vumbi likalifunika Pijo lote, na walipofika aliliegesha palipo karibu, juani, akaingia ndani.

Alhamisi alikwenda kwa Domitila kuazima baiskeli ya marehemu mume wake. Bodaboda zilikuwepo, lakini alifikiri kwamba mtu aliyebebwa hajaja mwenyewe sawasawa. Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa kabla hajapata leseni. Kutoka Ngulyati mpaka Migato ni kilomita nyingi kwa mtu wa umri wake, na hakuwa na uhakika na magoti, kwa hiyo akaamua kutoka Ijumaa.

Domitila alimkuta barabarani Ijumaa asubuhi, shati limeshalowa jasho, hajafika hata mwisho wa kijiji.

"Baba Joyness, unakwenda wapi na hiyo baiskeli?"

"Migato."

"Na gari zuri vile umeliacha uwanjani?"

"Nimeitwa mimi," akasema Masele, akaendelea kukanyaga.